Siku nilipolivisha bomba khanga

Mimi ni mtoto wa Tandika, Dar es Salaam. Enzi zetu maji yalikuwa na tabia za mgeni mwenye mapozi: leo yupo, kesho hayupo, keshokutwa anaingia saa nane za usiku bila hodi. Ukisikia bomba linakohoa, krrr, fsssss, nyumba nzima inaamka. Mpangaji wa mbele, mpangaji wa nyuma, hata yule bachela wa chumba cha uani aliyelala kama gogo, wote mbio na ndoo. Na bi mkubwa wangu, yaani mama, alikuwa na sikio si la kawaida. Tone moja likidondoka uani, yeye yuko chumbani anasali, utamsikia "Allahu akbar" imepanda sauti ghafla. Hapo ujue kosa limeonekana na hukumu inakuja baada ya salamu. Kuacha bomba likidondoka usiku kucha, kwetu, ilikuwa dhambi inayokaa jirani na kula mchana wa Ramadhani.

Nayasema haya mapema ili tukifika kwenye ukuta msinirukie.

Februari 2021 nilikuwa nimepanga nyumba Irving, ubavuni mwa Dallas, kule Texas. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu, mtu wa pikapu na kofia pana, mpole, ila kwenye mambo ya nyumba yake hana mchezo. Alhamisi ya tarehe 11 akanitumia meseji. Baridi kali inakuja, anasema. Kwanza, ng'oa mpira wa bustani kwenye bomba la nje. Pili, lifunike hilo bomba. Tatu, usiku yafungulie mabomba ya ndani yadondoke kidogo kidogo, na milango ya kabati la sinki uiache wazi joto lipite. Mwisho akamalizia: Jumatatu itashuka mpaka tano.

Tano! Nikacheka peke yangu. Digrii tano si Njombe mwezi wa saba, ukaongeza sweta na chai ya tangawizi? Nilikuwa na mwaka wa pili Marekani lakini kichwa changu kilikuwa bado hakijahama. Wenzetu wale wanapima kwa Farenhaiti, ambako maji yanaganda kwenye 32. Tano yao, kwetu ni kama 15 chini ya sifuri. Hiyo hesabu niliipiga Jumapili jioni, theluji imeshaanza kuanguka, na kicheko kikaniishia palepale.

Nikatoka nje na koti la mke wangu, maana langu lilikuwa la kupigia picha. Bomba lenyewe liko nyuma ya jiko, limechomoza kwenye matofali, na mpira umefungwa tangu kiangazi. Nikashika ile nati ya shaba nizungushe. Haikwenda. Maji ya kule yana chumvi, na chumvi ilishaishikamanisha ile nati na bomba kama ndugu wa tumbo moja. Nikaleta plaizi. Nikaleta mafuta ya kupikia. Nikaongea nayo kwa upole, kisha si kwa upole. Vidole vikafa ganzi. Hapo ndipo nikajipa ushauri wa kitaalamu: mpira ni mpira tu, unamdhuru nani? Uache ulipo.

Kufunika sasa. Kuna vikofia maalumu vya povu gumu, mfano wa bakuli dogo lenye kindoano ndani. Unalivalisha bomba, unakaza kamba, kazi imekwisha. Nikaenda dukani, rafu tupu. Jamaa mmoja mbele yangu kwenye foleni alikuwa na pea sita za soksi ndefu za mpira wa miguu, akanikonyeza. Nilimwelewa nilipofika nyumbani, nikiwa nimechelewa.

Mke wangu alikuwa zamu ya usiku kazini. Nikalizungushia bomba taulo kuukuu. Juu yake mfuko wa plastiki. Ikaonekana bado. Kwenye kapu la nguo nikaona khanga, nikaitwaa, nikalifunga lubega lile bomba, nikakaza kwa selotepu ya kijivu mizunguko kumi. Mpira ukachomoza kwa chini kama mkia. Nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu. Jamani, lilipendeza. Lilikaa kama mwali anayetolewa ndani. Na kwenye kifua, herufi kubwa nyeusi zikiutazama uzio wa jirani: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Nikaingia ndani, nikafungua kabati la sinki, nikalegeza bomba la jikoni. Ti. Ti. Ti. Kila tone lilinipiga kwenye utosi. Nilikuwa nazunguka jikoni kama mtu aliyeacha mtoto barabarani. Nikawasha redio nisisikie.

Saa tatu usiku simu ikaita, ya video. Bi mkubwa. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, ametoka kusali, kajifunga mtandio, uso umeijaa skrini nzima.

"Hujambo baba?"

"Sijambo, shikamoo mama."

"Marahaba. Za huko? Mbona umevaa koti la mwanamke?" Kabla sijajibu akanyanyua mkono. "Hebu zima redio." Nikazima. Akainamisha kichwa, sikio likakaribia kamera mpaka nikaliona tundu la hereni. "Hiyo nini hiyo?"

"Ipi mama?"

"Hiyo ti, ti, ti."

"Saa ya ukutani."

"Saa gani inalia majimaji? Wewe, bomba linadondoka hilo!"

Zaidi ya kilomita elfu kumi na tatu, na mtandao unakatakata. Nikamweleza: mama, huku kuna baridi ya kugandisha, maji yakisimama kwenye bomba yanaganda, mwenye nyumba mwenyewe ndiye kasema tuyaache yatiririke kidogo.

"Mwenye nyumba kakwambia umwage maji?"

"Ndiyo."

"Na bili analipa nani?"

"Mimi."

"Ehee."

Hakuongeza neno. Hiyo "ehee" wenye mama wanaijua. Ndani yake kuna hotuba ya nusu saa. Mtu mzima wa miaka 38, ndevu zangu kidevuni, nikaenda nikalifunga lile bomba, na nikamgeuzia kamera athibitishe. Akanisomea dua, akakata simu. Nililala usingizi mtamu ajabu.

Saa saba na nusu usiku umeme ukakatika. Wallahi kitu cha kwanza nilichofanya gizani ni kushika simu ninunue umeme wa LUKU. Nimeshaandika kiasi ndipo nikakumbuka niko wapi. Texas wana gridi yao, karibu yote imejitenga na majimbo mengine, na usiku ule mitambo ya kuzalisha umeme ilikuwa inazimika mmoja baada ya mwingine kwa baridi, wakaanza kukata watu. Mgao! Nilipanda ndege mbili kuukimbia, kumbe tulikuwa abiria wenza.

Jumatatu asubuhi nikalifungua bomba la jikoni, kimya. Jumanne ikafika digrii 19 chini ya sifuri. Wazee wa pale walisema Dallas haikuwa na baridi ya hivyo tangu 1949. Tulilala wote chumba kimoja na makoti. Lakini hapa niseme ukweli, nilitamba. Majirani zangu, watu wenye digrii zao, walikuwa wanakitazama choo kisichoflashi kama msiba. Mimi nikatoka na ndoo na sepetu, nikachota theluji, nikaiyeyusha kwenye jiko la gesi nililowasha kwa kiberiti. Theluji ina hiyana: sufuria linalofurika linakupa maji ya kikombe cha chai. Lakini ukipiga safari nyingi, ndoo inajaa. Nikawafundisha mtaa mzima namna ya kumwaga maji ya ndoo chooni kwa mkupuo mmoja, usimimine kama unampa mgonjwa uji. Watu walinishukuru. Nilitembea kifua mbele siku tatu.

Umeme ukarudi. Jumamosi jua likatoka, theluji ikaanza kudondoka kwenye mapaa. Nimekaa sebuleni nakunywa chai, ndani ya ukuta wa jikoni nikasikia: krrr. Kisha: fssssss.

Nikaruka. "Maji yametokaaa!"

Damu ya Tandika haina ustaarabu. Mke wangu alikuwa kalala, akaamka na ndoo mkononi bila kufungua macho, maana naye kakulia Buguruni. Tukapanga ndoo jikoni, madumu nyuma, sufuria pembeni. Nikafungua bomba kwa bismillahi. Likatoa uzi mwembamba. Na fssss bado inaendelea, tena inazidi.

"Presha ndogo," nikamwambia mke wangu, kitaalamu. "Itapanda."

Akatazama chini. "Mbona soksi zangu zimelowa?"

Ukuta ulikuwa umevimba. Ile jipsamu yao ni unga wa jasi ulioshindiliwa katikati ya karatasi mbili, ikinywa maji inakuwa kama mkate kwenye chai. Tumbo likajitokeza usawa wa kiuno, likatetemeka kidogo, likapasuka, na maji yakaruka mpaka kwenye jokofu. Zulia la sebuleni likaanza kunywa kwa kasi ya ngamia.

Koki kuu kule iko kwenye kisanduku cha mita, kimezikwa kwenye nyasi kando ya barabara. Nikatoka pekupeku na spana, nikaparua theluji, nikapata mfuniko, nikaufungua, nikaizungusha ile koki kwa nguvu zangu zote mpaka ikasimama. Nikarudi mbio. Maji yanaruka vilevile. Nikatoka tena kuangalia kulikoni, ndipo mlango wa jirani ukafunguliwa, akatoka mtu mweupe kuanzia utosini mpaka magotini. Nusu ni rangi yake, nusu ni povu. Alikuwa hajaoga tangu Jumapili iliyopita. Ndiyo kwanza amepaka shampuu. Kwenye mpaka wa viwanja viwili visanduku vya mita vinakaa pamoja kama makaburi ya mume na mke, na mimi nilikuwa nimefunga cha kwake.

Hakutukana. Macho yamefumba kwa sabuni, taulo kalishika kwa mkono mmoja, akauliza tu kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia: "Tafadhali, ni wewe?"

Mwenye nyumba alifika baada ya saa moja. Akaugusa ukuta, akatikisa kichwa, akazunguka nyuma. Nikamfuata kama mtuhumiwa. Akasimama mbele ya bomba. Khanga ilikuwa bado imekakamaa upande wa kivulini, ukiigonga inalia kama bati. Akachomoa kisu mfukoni, akakata selotepu zangu kumi moja moja, akafunua khanga, mfuko, taulo, akafika kwenye mpira. Akautazama mpira. Akanitazama mimi. Akautazama tena mpira.

"Ulisoma meseji yangu?"

"Niliisoma."

"Ya kwanza ilisemaje?"

Nikanyamaza. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Maji yakiganda yanavimba, kama asilimia tisa hivi. Mpira ukiwa umefungwa, maji yanabaki kwenye bomba, hayana pa kutokea. Barafu inarudi nyuma kuingia ukutani, na bomba la jikoni linapita humohumo. Lingekuwa linadondoka, ile presha ingepata pa kupumulia. "Lakini hilo la jikoni si uliliacha linadondoka?"

Nikamwambia ukweli. Mama yangu alipiga simu.

Akavua kofia, akajikuna. Kisha akaonyesha khanga kwa kisu: "Hapa pameandikwa nini?" Nikamtafsiria, kwamba hata kama hupati kitu, hukati tamaa. Akalitazama bomba lililopasuka, akatazama yale maneno, na mabega yakaanza kucheka kabla ya mdomo. Ilibidi aegemee uzio.

Fundi bomba tulimpata siku ya kumi na moja, Texas nzima ilikuwa kwenye foleni. Alinionyesha kile kipande alichokikata: bomba la shaba, limechanika urefu wa kidole gumba, kingo zimebinukia nje kama samaki aliyepasuliwa kwa chumvi. Siku zote hizo kumi na moja maji tulichota kwa jirani. Yeye mwenyewe alitujazia ndoo, na kila mara alihakikisha kwanza kwamba ameshaoga. Ukuta mwenye nyumba alitumia bima yake, zulia tukagawana.

Bi mkubwa nilimsimulia kila kitu. Ukuta akasema pole. Zulia akasema mali ya dunia. Nilipofika kwenye khanga akanikatisha.

"Khanga gani?"

"Hiyo ya japo sipati."

"Ile doti niliyompa mkeo siku mnaondoka?" Hakusema nami wiki mbili.

Februari iliyofuata baridi ikarudi, na meseji ya mwenye nyumba ikarudi nayo. Kwanza, ng'oa mpira. Pili, funika bomba, kikofia nimekuachia mlangoni. Tatu, yaache ya ndani yadondoke. Kulikuwa na ya nne, mpya: usipokee simu ya mama yako.

Nikafanya yote. Saa tatu usiku simu ikaita. Nikaiweka mezani, nikaitazama inaita mpaka ikakata, jikoni kule ti, ti, ti. Baada ya dakika moja ikaingia meseji ya sauti.

"Mbona hupokei? Usiniambie umefungulia maji."