Kabla hujauliza bei, uliza wanashusha kwa siku ngapi

Mtu akinipigia simu kwamba ana mzigo wa "hela nzuri" kwenda Kongo, siku hizi bei siiulizi kwanza. Nauliza unashushwa wapi, na lori langu litakaa hapo siku ngapi.

Somo hilo nililipia. Mzigo wangu wa kwanza wa Kolwezi, mji wa migodi ulio mbele ya Lubumbashi huko Kongo, niliuchukua kwa kuwa bei yake iliipita mbali ya Lubumbashi. Ilikuwa salfa, ile ya njano wanayotengenezea tindikali ya kuchenjulia shaba. Dereva alifika mgodini akakuta foleni. Akawa ananitumia picha: tela na turubai lake, chini yake jiko la mkaa na sufuria ya ugali, ndala za utingo zimeanikwa juu ya tairi. Siku ya tisa picha ni ileile, ndala tu ndizo zimehamia tairi la pili. Posho inahesabika, rejesho la benki linahesabika, gari limesimama.

Tuseme mzigo mmoja unakubakizia dola 1,500 baada ya mafuta na gharama za njiani, ila unakula siku 30. Mwingine unakubakizia 1,000 kwa siku 15. Kwa siku hizo 30 huu wa pili ungekubakizia 2,000, lakini wengi tunakimbilia ile 1,500. Mimi nilikimbilia.

Wapo wanaodhani mzigo unaolipa ni ule mzito. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56, gari na mzigo wake, tena kwa lenye ekseli saba, na mizani ya Vigwaza inakusubiri hata Chalinze hujafika. Kwa hiyo wote tunabeba karibu sawa.

Tanka la mafuta ndilo watu wanaloonea wivu. Kweli bei yake ya kupanda, yaani ya kwenda Kongo, ni tamu, lakini akishamwaga dizeli Lubumbashi anarudi mtupu mpaka Dar. Hawezi kupakia kopa, yaani shaba, kwenye tangi. Bei ile imebeba safari mbili, na kabla ya hapo tangi lenyewe lilipimwa na Wakala wa Vipimo. Sioni cha kumwonea wivu.

Sisi wenye tela la wazi tunarudi na kopa, ila mwenye kopa naye ana akili: anajua lori lako lazima lirudi bandarini, na nyuma yako wamepanga foleni wengine wenye tela tupu. Anakupangia bei ya kushuka, ile ya kurudi Dar. Anayelipwa vizuri hapo ni mwenye bima kubwa, kifaa cha kufuatilia gari na jina lisilo na doa, maana kopa inawindwa na wezi njia nzima. Mwenye gari moja kama mimi naupata mzigo huohuo kwa dalali, kashakata chake. Simlaumu sana, bila yeye ningerudi mtupu zaidi ya kilomita 900 kutoka mpakani Tunduma hadi Dar peke yake, achilia mbali Zambia.

Jana usiku dalali kapiga tena. "Bosi, salfa ipo, Kolwezi, bei imepanda."

"Wanashusha kwa siku ngapi?"

Kimya. Halafu: "Bosi, we pakia kwanza, hayo tutaongea."

Gari bado liko yadi.