Skii Pana: Asubuhi Najuta, Mchana Nashukuru

Skii zangu mpya ziko chini ya kitanda hapa Kibokoni, pwani ya Kenya, nimezifunga kwa shuka kuukuu. Kijana wa tuktuk aliyenisaidia kuzishusha aliniuliza kama ni mbao za dari. Nikamwambia ni za kutelezea kwenye theluji. Akanitazama kuanzia ndala hadi kofia, asiseme neno.

Dada yangu ameolewa Innsbruck, Austria. Kila Machi huenda kumwona, na shemeji hunipandisha Stubai, mlima wa barafu wa karibu na hapo, tukateleze. Miaka yote nilikuwa nikikodi. Safari hii nikasema na mimi niwe na zangu, muuzaji akanitia maneno: chukua hizi za milimita 96 kiunoni, zinafaa theluji yote. Nikachukua.

Kiuno ni pale katikati buti linapokaa. Skii za milimita 70 na kitu ni za njia iliyolainishwa na mashine. Zikipita 100 ni za theluji mpya yenye kina, maana upana ndio unaozifanya zisizame. Zangu ziko baina ya huku na kule.

Asubuhi ya kwanza, theluji iliyoyeyuka jana yake ilikuwa imeganda usiku. Ukiigonga kwa fimbo inalia kama kigae. Hapo kinachokushika ni ukingo wa chuma tu. Sasa skii ikiwa pana, ukingo uko mbali na wayo, na kuilaza upande kunataka nguvu ya goti. Nikasikia krrr chini ya mguu, skii ya upande wa nje wa kona ikanikimbia, nikateremka mlima kwa makalio. Shemeji aliningoja chini, kaangalia pembeni kwa adabu. Zile nyembamba za kukodi hazikunifanya hivi hata siku moja.

Saa saba mchana mambo yakageuka. Jua limepiga, theluji imelowa, imerundikana vijilima. Skii nyembamba hujichimbia humo. Zangu zina pua iliyoinuka mapema, zikawa zinapanda vijilima kama mashua inavyopanda wimbi, nikawapita walionipita asubuhi. Ila kuna mahali theluji ya maji hufyonza sehemu ya chini ya skii, ghafla unahisi umeshikwa miguu. Dawa yake ni nta, ile ya theluji ya joto. Shemeji alijiandaa kunieleza, nikamkatiza. Mtu aliyekua akiona majahazi yakipakwa sifa, yale mafuta ya papa, na shahamu haelezwi habari ya nta.

Theluji mpya tuliipata siku moja. Nilielea, raha tupu, na kufikia adhuhuri watu walikuwa wameikanyaga yote.

Siku moja katika saba! Ndiyo maana nagombana na hilo neno la “zinafaa yote”. Sisi wa wiki moja kwa mwaka tunauziwa skii za ile theluji ya kwenye picha, ilhali tunayokutana nayo ni kigae cha asubuhi. Ningerudi dukani ningechukua za 80. Shemeji anasema kosa ni goti langu na kingo butu. Nusu ana haki: nilipozinoa, ile krrr ilipungua. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeiwakilisha Kenya kwa skii kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018, pengine angezishusha hizi hizi bila kelele. Lakini yeye amekulia Austria, na hata mbio zake hukimbiwa kwa skii nyembamba kuliko zangu.

Juzi nimezifungua shuka. Wiki tatu tu za hewa ya chumvi na kingo zimeshashika kutu! Nimezisugua, nikazipaka nta nene mpaka kwenye chuma, ndivyo zinavyohifadhiwa. Nta yenyewe niliiyeyushia kwa pasi ya mama. Bado hajajua, buibui lake la Ijumaa hajalipiga pasi.