Saba Mara Nane kwa Lugha Gani? Gharama ya Kubadili Lugha ya Hisabati

Katika shule nyingi za serikali Tanzania Bara, mtoto husoma hisabati kwa Kiswahili hadi amalize shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza anakuta kila kitu ni Kiingereza. Zanzibar, sera ya elimu ya 2006 iliyavuta mabadiliko hayo hadi darasa la tano. Wapo wanaosema aanze Kiingereza mapema zaidi, na wapo wanaotaka Kiswahili kiendelee hadi juu. Matokeo ya utafiti yanazipa pande zote mbili sehemu ya haki.

Mwaka 2001, watafiti Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin waliwafundisha watu wanaojua Kirusi na Kiingereza hesabu mpya kwa lugha moja, kisha wakawapima kwa zote mbili. Jibu kamili lilikuja haraka zaidi kwa lugha waliyofundishiwa. Katika kukadiria, lugha haikuleta tofauti. Maana yake "saba mara nane, hamsini na sita" imehifadhiwa kichwani kama maneno. Ukiuliza kwa Kiingereza, mwanafunzi hutafsiri swali, huchota jibu kwa Kiswahili, kisha hulitafsiri tena.

Mwaka 2017, watafiti wa Luxembourg, ambako hisabati huanza kwa Kijerumani na sekondari huhamia Kifaransa, waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu. Hesabu nyepesi za kujumlisha walizifanya vizuri kwa lugha zote mbili. Ngumu ziliwachukua muda mrefu zaidi kwa Kifaransa, na makosa yakaongezeka.

Hapo wanaotaka Kiingereza mapema wana hoja: wanafunzi wale walivuka, na kinachohifadhiwa kwa maneno kinaweza kuhifadhiwa upya kwa mazoezi. Lakini wale walikuwa wamekimudu Kifaransa vizuri. Wa kidato cha kwanza bado anatafuta maneno, kwa hiyo hasara yake haiwezi kuwa ndogo kuliko yao.

Tena kwangu mimi, tatizo kubwa haliko kwenye kukokotoa, liko kwenye msamiati. "Product" ameijua kama bidhaa ya dukani. Kwenye mtihani ni zao, yaani jibu la kuzidisha. "Mean" ameijua kama kumaanisha. Kumbe ni wastani. Huyu anajua kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) bila wasiwasi, ila hajui kwamba LCM na HCF ndizo zile zile. Akikosa, msahihishaji anaona kosa la hesabu. Saa nayo ina mtego wake: basi la saa 2:30 asubuhi limeandikwa 8:30, na asiyezoea kuongeza sita huanza swali zima kwa namba isiyo sahihi.

Kiswahili peke yake hakimalizi shida, kwa sababu bado atakutana na vitabu vya Kiingereza chuoni. Daraja linawezekana bila kusubiri sera. Muhula wa kwanza, dakika tano kila kipindi, darasa liimbe jedwali la kuzidisha kwa Kiingereza hadi 12 mara 12. Kila istilahi mpya iandikwe ubaoni kwa lugha zote mbili, pamoja na mfano mmoja uliokokotolewa. Mitihani ya kidato cha kwanza na cha pili iweke kila swali la maneno kwa lugha zote mbili: karatasi itaongezeka kurasa chache, na 56 husahihishwa vile vile kwa lugha yoyote.