Regina Spektor hakujitengeneza peke yake

Msanii akifika mbali bila lebo, sifa ya kwanza anayopewa ni kwamba kajitengeneza mwenyewe. Sifa hiyo inanikera, na inanikera zaidi inapobandikwa kwa Regina Spektor, mtunzi na mpiga piano wa New York ninayempenda kuliko karibu wote wa kizazi chake. Ni kweli alirekodi albamu zake na kuziuza kwa mkono wake kabla kampuni yoyote kubwa haijagonga hodi. Lakini fuatilia alikopita uone ni watu wangapi walimfungulia mlango.

Alizaliwa Moscow mwaka 1980, katika familia ya Kiyahudi iliyoishi na muziki. Mama yake, Bella, alikuwa mwalimu wa muziki chuoni. Baba yake, Ilya, alikuwa mpiga picha aliyecharaza fidla kwa mapenzi tu, na aliyebadilishana kaseti na marafiki ili nyumbani zisikike bendi za Magharibi kama Beatles na Queen. Palikuwa na piano aina ya Petrof ambayo mama alipewa na babu. Mwaka 1989, serikali ya Kisovieti ilipolegeza kamba na Wayahudi wengi wakapata ruhusa ya kuondoka, familia ilifunga mizigo, ikapita Austria na Italia, ikaishia Bronx, New York. Regina alikuwa na miaka 9. Piano ilibaki Moscow.

Hapo ndipo ninapowaomba wanaopenda neno "kujitegemea" watulie kidogo. Gitaa unaweza kulibeba mgongoni ukavuka nalo mpaka. Piano inataka nyumba, inataka fundi wa kuipanga sauti, inataka majirani wavumilivu. Mtoto yule alifanya mazoezi juu ya meza na kwenye vizingiti vya madirisha, vidole vikibonyeza mbao zisizotoa sauti, mpaka ikapatikana piano katika chumba cha chini cha sinagogi. Kisha baba yake akafahamiana na mpiga fidla Samuel Marder, ambaye mkewe, Sonia Vargas, alikuwa mwalimu wa piano wa Manhattan School of Music. Sonia alimfundisha Regina hadi alipofikisha miaka 17. Toa sinagogi, toa na mwalimu, halafu uniambie msanii huru angetokea wapi.

Alisoma utunzi Purchase College, akamaliza mwaka 2001. Wakati huo alikuwa akipiga katika kumbi ndogo za Manhattan, hasa SideWalk Cafe, maskani ya watunzi wa mkondo ulioitwa Anti-folk. Pale hakuna aliyekudai sauti iliyonyooka wala wimbo wenye umbo linalotarajiwa. Ulipanda, ukaimba, ukashuka, na kama ulikuwa na CD uliiuza palepale. Albamu yake ya kwanza, 11:11, aliitoa mwenyewe mwaka 2001. Ya pili, Songs, ilirekodiwa siku moja tu, Krismasi ya mwaka huohuo: yeye na piano, basi.

Ukitaka kuelewa uhuru wake ulivyo, tafuta video za zamani akipiga "Poor Little Rich Boy". Mkono wa kushoto uko kwenye piano. Wa kulia umeshika kijiti cha ngoma na unagonga kiti kilichowekwa pembeni, kwa kasi, bila kuyumba, na wakati huohuo anaimba maneno yanayokimbia kinyume cha mapigo hayo. Ni mtu mmoja anayefanya kazi ya bendi kwa sababu bendi haipo. Wapo wanaokiita kile kiti kichekesho cha jukwaani. Mimi naona kazi ya mtu aliyefunzwa muziki wa klasiki, wa kina Chopin, kwa miaka, akaamua mkono mmoja unatosha kwa piano. Huwezi kuacha nusu ya piano kwa makusudi kama hujaijua yote.

Soviet Kitsch, albamu ya tatu, aliifanya na prodyuza Gordon Raphael, aliyekuwa ametengeneza albamu ya kwanza ya The Strokes, bendi ya roki ya New York. The Strokes wakamchukua awafungulie shoo katika ziara yao. Mashabiki wale walikuja kusikiliza magitaa, wakakutana na msichana mmoja, piano, na kile kiti. Mwaka 2004 lebo ya Sire ikaitoa upya albamu ileile.

Baadhi ya mashabiki wa mwanzo husema hapo ndipo aliuza uhuru wake. Sikubaliani nao hata kidogo. Sire walipokuja walikuta kazi imekwisha. Hakuna mtu wa ofisini aliyekaa studio akamwambia apunguze vigugumizi vyake vya makusudi, zile silabi anazozikatakata na kuzirudia hadi zinakuwa ngoma. Lebo ilinunua kitu kilichokuwa tayari na umbo lake, na kwangu tofauti iko hapo: kuna msanii anayesaini akiwa na albamu mkononi, na kuna anayesaini akiwa na ahadi tu.

Begin to Hope ya mwaka 2006, chini ya prodyuza David Kahne, ilimfikisha redioni na ikapata cheti cha dhahabu cha mauzo Marekani. Ni albamu nzuri, na sitajifanya siipendi. Ila sikiliza "Samson", wimbo uliokuwa tayari kwenye Songs, kisha linganisha. Toleo jipya limesafishwa. Lile la Krismasi lina mtu aliyekaa karibu yako, na mimi hulirudia lile. Baadaye zikaja Far, albamu nyingine tatu baada yake, na wimbo wa tamthilia ya Orange Is the New Black ulioteuliwa kuwania Grammy. Mwaka 2012 alirudi Moscow kupiga shoo kwa mara ya kwanza tangu aondoke akiwa mtoto.

Huku New York, mama yake aliendelea kufundisha muziki katika shule ya msingi ya umma, mji wa Mount Vernon. Sioni kama ni jambo la pembeni. Shule kama ile, kama ilivyokuwa sinagogi, ni mahali ambapo mtoto asiye na piano nyumbani anaweza kuigusa.

Anayeanza kumsikiliza leo, ushauri wangu ni asianzie kwenye nyimbo maarufu. Aanze na Songs yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Kisha Soviet Kitsch. Akifika Begin to Hope atasikia mwenyewe ni nini kilichoongezwa, na ni nini kilichokataa kubadilika.