Mama mdogo ana wanane, mimi nina wawili

Juzi kwenye kikao cha harusi pale Ilazo, hapa Dodoma mjini, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema wakulima wetu wa Chamwino na Bahi wangeacha kuzaa ovyo, umaskini ungewatoka. Watu wakaitikia. Mimi nilinyamaza, maana mdogo hambishii mkubwa mbele za watu, lakini maneno yale yamenikaa kooni wiki nzima. Mama mdogo wangu amezaa kumi, wanane wako hai, na sijakutana na mtu anayepiga hesabu kali kumshinda.

Takwimu mzee hakuzikosea. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, wa mjini 3.6, wa kijijini 5.5. Ukizipanga kaya kwa uwezo, maskini zaidi ndizo zenye watoto wengi. Alipokosea ni kudhani kwamba watoto ndio walioleta umaskini.

Twende shambani. Uwele ukianza kukomaza masuke, ndege waitwao kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na wakiachwa asubuhi mbili tatu, wewe mwenye shamba utakuja kuvuna mabua. Mama mdogo alikuwa na ekari sita, na madungu matatu, yaani vichanja vya juu vya kulindia ndege. Juu ya kila dungu mtoto na kombeo lake, rundo la madongoa makavu miguuni, na debe la kugonga. Wanapanda kabla jua halijachomoza, kwa sababu ndege anakula alfajiri, na jioni wanarudi tena. Nilipokuwa darasa la sita nilikaa kwenye dungu likizo moja. Siku ya pili sauti ilikuwa imekauka, viganja vina malengelenge, na binamu yangu wa miaka minane bado anapiga kelele kama ndiyo kwanza ameanza. Wakati huohuo kuna anayechunga mbuzi, kuna aliyefuata maji, kuna aliyembeba mdogo wake mgongoni. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Uwele ukiliwa, mwaka umeliwa. Mtoto yule wa miaka minane alikuwa analinda magunia.

Na kuna uzee. Mama mdogo hana mshahara wala pensheni. Wanane wake ndio pensheni: huyu atatuma pesa kwenye simu, yule atalima, mwingine atamshika mkono kwenda zahanati. Aliowazika wawili walikuwa hawajafika miaka mitano. Aliyeona hivyo hawezi kuzaa wawili halafu akalala usingizi.

Sasa hesabu yangu. Nimeajiriwa hapa mjini, napanga. Kwa mwezi kuna kodi, dada wa kazi, ada, basi la shule. Wa kwanza wangu ana miaka minane, umri uleule wa mlinzi wa uwele, na hajawahi kuniingizia shilingi, wala simdai. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, lakini gharama haiishii pale. Nilipokuwa na mimba ya pili, cheo nilichokuwa nimeahidiwa kikapewa mwingine, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Niliumia, bado naumia. Wa tatu simtaki, si kwa sababu nina akili kuliko mama mdogo. Ningekuwa na ekari zake sita na madungu yake, ningezaa kama yeye.

Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 1992, alishaandika tangu 1960 kwamba wazazi wanapima idadi ya watoto na kiasi wanachotaka kutumia kwa kila mmoja. Sawa. Lakini shambani kipimo kina upande wa pili, kwa sababu kule mtoto pia anazalisha. Jirani wa mama mdogo ana ng'ombe wanaopita mia, ndiye tajiri wa kijiji, na ana wake watatu na watoto ishirini na kitu. Kama utajiri peke yake ungepunguza watoto, yule angekuwa na wawili. Ng'ombe wanataka wachungaji, mashamba yanataka mikono. Kwa hiyo mimi siulizi mtu anapata kiasi gani. Nauliza kipato chake kinataka nini: mikono mingi, au cheti na saa za mama?

Ndiyo maana nachukia masimango. Nimekaa kwenye benchi la kliniki, nikamsikia muuguzi akimwambia mama wa mimba ya saba, mbele ya wenzake, kwamba anazaa kama hana kazi. Yule mama alikuwa ametembea tangu alfajiri. Sidhani kama alirudi tena kuuliza habari za kijiti wala sindano ya kupanga uzazi, na huenda ndicho alichokuwa amekuja kukiulizia.

Mambo yanabadilika, na hayabadilishwi na masimango. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti uleule wa 2022. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na ingawa michango na sare bado vinawaumiza wazazi, mtoto aliyeko darasani hayuko kwenye dungu. Tunaotaka kaya za watoto wachache tuwajengee mabinti hosteli, tusogeze maji, dawa za uzazi wa mpango zisikatike zahanati. Na mkulima apate cha kumshika mkono uzeeni.

Mama mdogo ameshaiona hesabu mpya. Kitinda mimba wake yuko kidato cha tatu, wengine wametawanyika, mmoja bodaboda Majengo, mmoja kwenye mashamba ya zabibu Hombolo. Msimu huu amepanda uwele ekari mbili tu, kwa sababu hana wa kupanda dungu. Nilipokwenda kumwona hakuniuliza tena kwa nini nimeishia wawili.

"Mwanangu," aliniambia akipepeta, "hiyo pensheni yenu mnakatwa shilingi ngapi kwa mwezi? Na asiye na mshahara anaruhusiwa kuingia?"

Nilimwambia nitamwulizia. Jumatatu naenda.