Bella Angeishi, Filamu Ingeishia Hapo

Usiku wa kwanza anatoroka. Ricky Baker, kijana mnene anayekaribia miaka 13, ameletwa mchana huo na gari la ustawi wa jamii katika shamba lililo ukingoni mwa msitu. Anangoja giza liingie, anatoka kimyakimya na kushika njia ya mlimani. Asubuhi anaamkia majanini, na Bella, mama mwenye nyumba aliyekubali kumlea, yupo hapo hapo. Hafoki. Anamwambia kwamba kajitahidi, kafika kama mita 200, kisha anamuuliza kama angependa kupata kifungua kinywa kwanza halafu ndiyo aendelee kutoroka.

Nimeitazama Hunt for the Wilderpeople mara kadhaa na kila nikifika hapo nacheka. Ni filamu ya New Zealand ya mwaka 2016, imeongozwa na Taika Waititi, na hadithi imetokana na kitabu cha Barry Crump cha 1986. Kama hujaiona na hupendi kusimuliwa mapema, basi rudi ukishaiona, maana siwezi kusema ninachotaka kusema bila kumwaga uhondo.

Kwa kifupi: Bella (Rima Te Wiata) anafariki ghafla. Ofisi ya ustawi wa jamii inaandika barua kwamba mtoto arudishwe. Ricky (Julian Dennison) anakimbilia msituni, na Hec (Sam Neill), mume wa marehemu, mzee mkavu asiyetaka hata kuitwa anko, anamfuata. Huko mzee anaumia mguu, wanakwama kwa wiki kadhaa, na wakija kuibuka wanakuta nchi nzima inaamini kwamba mzee kamteka mtoto. Kuanzia hapo ni kukimbizana tu: wawindaji, polisi, helikopta, mwisho hadi jeshi. Nyumbani kwao filamu ilivunja rekodi ya mapato ya filamu za New Zealand, rekodi iliyokuwa ya kazi nyingine ya huyo huyo Waititi.

Kwamba inachekesha, hilo halina ubishi. Ubishi ni kama mtoto aliyehamishwa nyumba hii na ile, asiye na pa kurudi, ni jambo la kuchekea. Nimesikia watu wazima wakilumbana kuhusu hili kwa hasira, na sidhani kama upande wowote unasema upuuzi.

Wanaoitetea wana hoja moja nzito, nayo ni kwamba vichekesho vingi vinatoka mdomoni kwa Ricky mwenyewe. Anajiona jambazi sugu wa mtaani. Mbwa aliyepewa kwenye siku yake ya kuzaliwa anamwita Tupac. Hisia zake anazitoa kwa mashairi mafupi ya haiku, mbinu aliyofundishwa na mshauri wake. Watoto wa kulelewa katika filamu nyingi huwekwa dirishani, macho yamelowa, wakingoja mtu mwema aje awaokoe. Ricky haombi huruma ya mtu. Anaongea kupita kiasi, anadanganya, anajisifu, na ukimsikiliza vizuri unagundua kwamba maneno hayo yote ni ukuta. Halafu mara moja tu ukuta unapasuka. Anamweleza Hec kwamba hakuna nyumba nyingine iliyobaki ya kumpokea, iliyobaki ni jela ya watoto, na kwamba watoto kama yeye huzungushwa tu mpaka siku jambo baya liwapate, kama lilivyompata Amber. Hatumuoni Amber hata mara moja. Ni rafiki aliyekuwa naye huko kwenye malezi, naye alikufa. Onyesho halichukui hata dakika mbili, na baada yake kila mzaha wa Ricky unaanza kusikika tofauti.

Kwa hiyo kusema filamu inamcheka mtoto si kweli. Anayechekwa ni mwingine, na hapo ndipo wapinzani wanapopata nguvu.

Huyo ni Paula, ofisa wa ustawi wa jamii. Rachel House anamuigiza kwa ustadi unaotisha. Mwanzoni kabisa, Ricky akiwa bado amesimama kando ya gari, Paula anamsomea Bella mashtaka ya mtoto kama anayesoma orodha ya bidhaa: kurusha mawe, kuiba, kuvunja, kuchoma moto, kuzurura, kuchora kuta, na hayo ni yale wanayoyajua tu. Baadaye anageuka komando. Anarudiarudia kwamba hakuna mtoto atakayeachwa nyuma, kaulimbiu iliyokuwa jina la sheria ya elimu ya Marekani enzi za George W. Bush, na anaitamka kama askari anayekula kiapo cha vita. Ukumbi unavunjika mbavu. Mimi pia.

Tatizo ni kwamba Paula, ukiondoa ukichaa wake, yuko sahihi kwenye karatasi. Jiweke kwenye kiti chake. Mwanamke uliyemkabidhi mtoto amefariki. Amebaki mwanamume aliyefiwa majuzi, asiyejua kusoma, aliyewahi kufungwa jela, ambaye mwenyewe anasema mtoto hamtaki na kwamba anaondoka zake kwenda msituni. Ofisa gani mwenye akili timamu angesaini fomu ya kumwacha mtoto hapo? Filamu inafanya ujanja wa hali ya juu: inampa msimamo wa busara mtu asiye na busara, ili sisi tusihangaike kuupima. Tukishamcheka, hatuna haja ya kumjibu. Nadhani huu ndio udhaifu wake mkubwa, na hautokani na vichekesho kama vichekesho. Unatokana na kuiweka ofisi nzima ndani ya mtu mmoja mwenye kasoro. Ofisi inayohamisha watoto haina sura ya Paula. Mara nyingi ina sura ya mtu mpole, amechoka, ana mafaili mengi mezani, na anafanya kosa lile lile bila kupiga kelele.

Na New Zealand ina historia nzito na ofisi hiyo. Mwaka ule ule wa 1986 ambao kitabu cha Crump kilitoka, kamati iliyoongozwa na John Rangihau ilitoa ripoti iitwayo Puao-te-Ata-Tu, iliyoiambia idara ya ustawi wa jamii wazi kwamba mfumo wake unawabagua Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na kwamba mtoto wa Kimaori asitenganishwe na ukoo wake. Sheria ya 1989 ikaleta vikao vya familia, ambavyo ndugu hukaa na maofisa kuamua mtoto aende wapi. Hata hivyo, miaka 30 na ushee baadaye, watoto wa Kimaori bado walikuwa zaidi ya nusu ya watoto wote walio mikononi mwa serikali. Ricky wa kwenye filamu ni Mmaori. Hili filamu hailitamki, na sidhani ilihitaji kulitamka. Mtazamaji wa kule analijua kama anavyojua jina lake.

Kilichobadilika ni kile tunachokijua leo. Tume ya Kifalme ya Uchunguzi iliyoundwa mwaka 2018, miaka miwili baada ya filamu, ilitoa ripoti yake ya mwisho Julai 2024. Ilikadiria kwamba kati ya watu wapatao 655,000 waliopitia malezi ya serikali na ya taasisi za dini tangu 1950 hadi 2019, wapatao 200,000 walinyanyaswa. Novemba mwaka huo waziri mkuu, Christopher Luxon, alisimama bungeni akaomba radhi rasmi.

Sasa rudi kwenye kibanda cha msituni. Wawindaji watatu wanamkuta mzee na mtoto, wanatambua kwamba ndio wanaotafutwa, na wanamuuliza Ricky kama yuko salama. Ricky anataka kumtetea Hec, lakini maneno anayochagua ni mabovu kiasi kwamba kila sentensi inazidi kumfanya mzee aonekane mbakaji. Nilipoiona mara ya kwanza niliona ni onyesho la kawaida la kutoelewana, mtindo wa zamani wa vichekesho: mmoja anasema hili, mwingine anasikia lile. Nilipoirudia baada ya 2024, kicheko kilinikwama kooni. Si kwa sababu mzaha ni mbaya. Ni kwa sababu nilianza kuwatazama wale wawindaji. Mtu mzima anamuuliza mtoto swali gumu, anamsikiliza, anaamini anachodhani amekisikia, na anaamua kuchukua hatua. Kwa wengi kati ya wale 200,000 hakuna aliyefika hata kwenye kuuliza. Katika filamu, mtu anayeuliza ndiye mjinga.

Je, ni haki kuihukumu filamu ya 2016 kwa ripoti ya 2024? Rafiki yangu mmoja anasema si haki hata kidogo, na kwamba nikitazama kila kitu kwa jicho la tume nitaishia kutazama habari tu. Namwelewa. Lakini manusura walikuwa wanazungumza miaka mingi kabla tume haijaundwa, na jina la Amber lenyewe linathibitisha kwamba waliotengeneza filamu walijua wanacheza karibu na nini. Mzaha wa kibandani haukuandikwa na watu wasiojua. Uliandikwa na watu walioamua kwamba hofu ile inaweza kubebwa kwa kucheka. Siku nyingine nakubaliana nao. Siku nyingine nashindwa.

Kuna jambo linalonikera kuliko Paula na kuliko kibanda, na sijasikia watu wengi wakililalamikia. Ni kifo cha Bella.

Katika filamu za mapambano tumezoea kwamba steringi hafi. Hapa anayekufa mapema ndiye pekee anayejua kazi. Mtazame Bella kwa siku chache anazopewa. Anamwekea mtoto chupa ya maji ya moto kitandani bila kumhutubia. Anamtania kuhusu unene wake, tena utani usio wa kistaarabu, halafu anampakulia chakula. Usiku anamwacha atoroke, kwa sababu anajua hatafika popote. Siku ya kuzaliwa anakaa kwenye kinanda kidogo na kumwimbia wimbo aliojitungia, wenye jina la Ricky Baker likirudiwa mpaka unabaki kichwani kwa wiki nzima, na Ricky, yule jambazi sugu, anaishia kuimba naye. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na Bella ndiye mtu pekee humu ambaye tunamuona akiifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Ndiyo maana lazima afe. Malezi mazuri hayana mkasa. Bella angeishi, Ricky angeendelea kutoroka mita 200, baadaye 150, baadaye 50, na siku moja asingetoroka kabisa. Hakuna helikopta katika hadithi hiyo. Filamu inataka pori, inataka mbio, inataka wanaume wawili wagumu walainishwe na mvua na njaa, kwa hiyo inamwondoa mwanamke aliyekuwa amekwisha kumlainisha mtoto kwa maji ya moto. Kisha inatuaminisha kwamba familia imezaliwa msituni. Mimi naona ilikuwa imekwisha kuzaliwa jikoni, na kilichotokea msituni ni kwamba Hec alichelewa kuingia.

Wanaoipenda bila masharti watanijibu kwamba huko ndiko filamu inakogusa moyo: watu wawili wasiotakiwa na yeyote, ambao hata wenyewe hawatakani, wanabaki na kitu kimoja tu cha kushirikiana, yaani msiba wao. Nakubali, na tena naongeza. Sam Neill anapomlilia Bella analia vibaya, kwa sauti ya mnyama, na Ricky anasimama kando bila kujua aweke wapi mikono yake. Sijui mwongozaji mwingine wa vichekesho anayethubutu kuacha onyesho kama hilo liendelee bila kutia mzaha. (Mzaha unakuja muda mfupi baadaye, mazishini, ambapo Waititi mwenyewe anaigiza mchungaji na kutoa mahubiri ya ovyo kuliko yote niliyowahi kusikia. Nafuu yenyewe unaihitaji.)

Ndiyo sababu nikiambiwa nichague upande, naegemea kwa wanaoitetea, ila si kwa hoja yao ya kawaida kwamba inafurahisha na inatosha. Naitetea kwa sababu ya Amber, kwa sababu ya kile kilio, na kwa sababu ya jinsi inavyoisha. Hec hapewi mtoto. Filamu, ambayo kwa muda mrefu imeidhihaki ofisi, mwishoni inaiachia ofisi ushindi kidogo: Ricky anakwenda kuishi na familia ya Kahu, msichana wa Kimaori aliyekutana naye akiwa mbioni, nyumba yenye baba anayependa kupiga picha na mtoro maarufu kuliko kuita polisi. Hec anabaki peke yake akijifunza kusoma. Wamaori wana neno whāngai, mtoto kulelewa na wengine ndani ya jamaa bila kukatwa na kwao, na ingawa Ricky si ndugu wa damu wa watu hawa, nyumba hiyo inafanana na wazo hilo kuliko kitu kingine chochote alichopewa kabla. Ningependa kuiona siku yake ya kwanza pale. Hatuonyeshwi.

Tunachoonyeshwa ni Ricky akimfuata mzee. Wakati wote mkubwa ndiye aliyekuwa akitakiwa kumpokea mdogo, na sasa mdogo ndiye anayekuja na mpango. Anataka warudi porini wakamtafute huia, ndege aliyeonekana kwa uhakika mara ya mwisho mwaka 1907 na ambaye wao wawili wanaapa kwamba walimuona. Wanaingia msituni na mizigo yao mgongoni. Paula hayupo, na safari hii hakuna anayewauliza kama wana kibali.