Nano ya zinki sawa, nano ya fedha hapana

Sa hivi kwenye magrupu ya wafugaji kila mtu anaongelea nano, yale madini ya chembe ndogo mno ya kuwachanganyia kuku. Nano zinki, nano seleni, nano fedha (silva, sio hela), zote zinawekwa kapu moja kama vile ni kitu kimoja cha kukuza broila, na hapo ndo nagoma.

Nano ni ukubwa tu jamani, sio dawa. Ni chembe za kati ya nanomita 1 na 100, na nanomita yenyewe ni milimita ukiigawa mara milioni. Kitu kikiwa kidogo hivo kinafyonzwa tofauti na unga wa kawaida. Zinki ya kwenye primiksi tunazozijua (ule mchanganyiko wa vitamini na madini wa kuweka kwenye chakula), sehemu kubwa inapita tumboni mwa kuku na kutoka na kinyesi, afu kinyesi hicho ndo mbolea tunayomwaga kwenye matuta ya mchicha, kwahiyo zinki unainunua wewe inaenda kukaa ardhini. Broila anahitaji kama miligramu 40 kwa kilo ya chakula, Ulaya wameweka kikomo cha 120, na watu wanajaza tu wakiamini zaidi ndo bora. Kama nano inafanya dozi ndogo ifanye kazi ileile ya manyoya, mifupa na kinga, mimi naunga mkono bila shida.

Seleni nayo ina hoja yake. Inaingia kwenye kimeng'enya kinacholinda seli zisiharibiwe na oksijeni, inashirikiana na vitamini E, na nyama ya kuku aliyepata seleni ya kutosha inashika maji yake vizuri, haichuruziki sana na mafuta yake hayachachi haraka. Sasa kwa sisi ambao kuku anachinjwa asubuhi mchana yuko kwenye sahani ya chipsi, hilo la kuchuruzika halitusumbui kihivyo, ila anayegandisha na kuuza kwa kilo analijua vizuri. Faida ninayoiona mimi ni kwenye joto. Nani amefuga broila Dar mwezi wa pili akalala usingizi? Kuku anahema mdomo wazi, hali chakula, mwili unachoka kwa ndani, na hapo ndo seleni na zinki zinasaidia kweli.

Tatizo la seleni ni kipimo. Mahitaji ni miligramu 0.15 kwa kilo, yaani kilo 100 za chakula zinataka miligramu 15 tu, na wewe unachanganya kwa chepe sakafuni, pumba huku mashudu kule. Utasambazaje kitu kidogo hivo? Kuku mmoja atakosa kabisa mwingine atakula sumu, manake seleni ikizidi ni sumu. Ije ndani ya primiksi iliyochanganywa kiwandani, sio kwenye kichupa cha kumimina kwa makadirio.

Haya, fedha. Hii ya pete na mikufu. Kuku haihitaji hata chembe moja, hakuna jedwali la lishe linaloitaja. Inawekwa kwa sababu moja, inaua bakteria. Sasa kama inaua bakteria na sio chakula, hiyo si ni antibayotiki kwa mlango wa nyuma? Ulaya walipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006 kwa hofu ya bakteria kuwa sugu kwa dawa, na bakteria wanajua kuizoea fedha pia, hilo linajulikana. Hospitalini fedha ndo iko kwenye krimu ya kupaka majeraha ya moto, halafu sisi tuimwage kwenye ndoo za kuku ili wakue haraka? Na chembe hizo zinakaa kwenye maini. Wenzetu wengine wanakula kidari wanatupa yaliyobaki, sisi maini na firigisi zinagombewa, mtoto ndo anapewa ini kwanza.

Muuzaji akikwambia hii nano ni ya asili haina madhara, muulize ni madini gani, miligramu ngapi kwa kilo ya chakula, na kuku akae siku ngapi kabla ya kuchinjwa. Akianza kukuonyesha picha za kuku wanene, rudisha kichupa. Hela hiyo nunua mashudu mazuri na mahindi yasiyo na ukungu, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inakula kinga ya kuku wako kimyakimya na hakuna nano ya kulifidia hilo.